Uchawi wenye kanuni au uchawi wa fumbo? Tujadili riwaya za kifantasia na tupendekezeane vitabu

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Kila inapotajwa namna uchawi unavyofanya kazi ndani ya riwaya za kifantasia, wapenzi wa riwaya hizo hugawanyika kambi mbili, na ningependa tulijadili jambo hili kwa utulivu, kila mmoja akitaja vitabu anavyovitegemea. Kambi ya kwanza inataka uchawi wenye kanuni: msomaji ajue mapema nini kinawezekana, nini hakiwezekani, na kinagharimu nini. Kambi ya pili inaona kwamba uchawi ukishaelezwa umekwisha kuwa fizikia, na fizikia tuliiacha shuleni.

Mimi nasimama na kambi ya kwanza, na shahidi wangu ni Brandon Sanderson. Mwaka 2007 aliandika makala iliyotoa kile anachokiita kanuni yake ya kwanza, ambayo kwa ufupi inasema kwamba mwandishi anaweza kutatua mgogoro kwa uchawi, na msomaji akaridhika, kwa kadiri tu msomaji huyo anavyouelewa uchawi wenyewe. Baadaye akaongeza ya pili, kwamba mipaka ya uchawi ina thamani kuliko nguvu zake. Anayetaka kuona kanuni hizo zikifanya kazi asome The Final Empire ya mwaka 2006, kitabu cha kwanza katika mfululizo wa Mistborn. Humo watu wachache humeza madini na kuyaunguza tumboni, na kila aina ya madini ina kazi yake: chuma huvuta metali iliyo karibu, chuma cha pua huisukuma, shaba humficha mwenye nguvu asigunduliwe na wenzake. Uzito nao una hesabu yake. Anayesukuma sarafu iliyo hewani huirusha kwa kasi ya risasi, lakini sarafu ikishagota ardhini, ni yeye anayerushwa juu. Madini yakiisha tumboni, nguvu zimekwisha. Pambano linakuwa kama mchezo wa bao: kete ziko wazi mbele ya wote wawili, hakuna kilichofichwa, na bado mmoja anafungwa bila kuelewa amefungwaje.

Naomba kuwasilisha. Wenye vitabu vya kupendekeza waviweke hapa hapa, pamoja na sababu.

Msomaji wa Tanga

Mkuu mleta uzi, naomba kutofautiana nawe, tena nitakutoa kwa shahidi wako mwenyewe. Ambaye hajasoma The Final Empire aruke aya hii, kwa kuwa nafichua mwisho. Katika pambano la mwisho kati ya msichana Vin, mhusika mkuu, na Lord Ruler, mtawala dhalimu wa dola, kinachomwokoa Vin si chuma wala shaba. Anavuta ukungu wa usiku na kuuunguza kana kwamba ni madini, jambo ambalo hakuna ukurasa wowote kabla ya hapo ulioliorodhesha miongoni mwa yanayowezekana, na maelezo yake kamili tunayapata katika kitabu cha tatu, kilichotoka mwaka 2008. Mtunga kanuni alipofika penye uzito aliziweka kanuni pembeni, akafungua mlango usiojulikana. Na kwa maoni yangu hapo ndipo kitabu kilipopata pumzi.

Sasa tumtazame Tolkien. Katika The Lord of the Rings, iliyochapishwa kati ya 1954 na 1955, hakuna anayeweza kutuambia mchawi Gandalf ana uwezo wa kufanya nini hasa. Anawasha moto, anavunja daraja, anarudi baada ya kufa, na hatupewi jedwali. Hata hivyo sijapata kusikia msomaji akilalamika kwamba alidanganywa, kwa sababu Gandalf hatumiki kuyafuta matatizo ya wengine. Anakuja na kuondoka, na mzigo unabaki kwa wale wadogo wanaoubeba. Fumbo halimdhuru msomaji mpaka pale mwandishi anapolitumia kulipa madeni ya hadithi.

Mleta uzi

Mkuu wa Tanga, hoja ya ukungu naipokea kama changamoto, ila tazama tena mfano wako wa Tolkien. Gandalf ni fumbo, sawa. Lakini ile Pete ya Sauron, bwana mwovu wa hadithi, ni fumbo? Tangu mwanzoni tunaambiwa kwamba humfanya avaaye asionekane na watu huku ikimfichua kwa watumishi wa Sauron, kwamba huimega nafsi ya mwenye kukaa nayo, na kwamba haiwezi kuharibiwa ila katika moto uliotumika kuifua. Hizo ni kanuni, tena kali kuliko nyingi za Sanderson, na hadithi nzima inasimama juu yake. Frodo, anayeibeba, anashindwa kuitupa kwa sababu ileile tuliyokwisha kuelezwa. Kwa hiyo Tolkien alikuwa na vyote viwili, na akajua kipi kibebe mwisho wa hadithi.

Mwingine aliyeviweka viwili pamoja ni Patrick Rothfuss katika The Name of the Wind ya mwaka 2007. Chuoni kuna elimu ya kuunganisha vitu viwili vinavyofanana ili kinachotendwa kwa kimoja kitokee kwa kingine, lakini nguvu lazima itoke mahali, sehemu yake hupotea njiani, na mwanafunzi mpumbavu anayechota joto la mwili wake mwenyewe anaweza kufa kwa baridi. Kando ya hayo iko elimu ya kuujua upepo kwa jina lake, ambayo haifundishiki kwa fomula. Nakipendekeza, ila kwa tahadhari: kitabu cha tatu bado wasomaji wanakingoja.

Mwalimu wa Fasihi

Ndugu zangu, nawasoma kwa furaha, ingawa nashangaa kuona mjadala huu ukiendeshwa kana kwamba kanuni za uchawi zilizaliwa mwaka 2007. Tuna utenzi wetu wa Fumo Liyongo, ambao Muhammad Kijumwa aliuandika mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale zaidi. Liyongo hauawi kwa mkuki wala mshale. Kitu kimoja tu kinamuua, nacho ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mfalme wa Pate anamrubuni mtoto wa Liyongo aende akaidadisi siri hiyo, baba anamwambia mwanawe huku akihisi ametumwa, na mtoto anarudi na sindano.

Tazameni ufundi uliomo. Kanuni moja, sharti moja, na msikilizaji anaijua kabla haijatumika, sawasawa na anavyotaka Sanderson. Lakini kinachoumiza si sindano. Kinachoumiza ni kwamba kinga ile haiwezi kuvunjwa ila na mtu ambaye Liyongo hawezi kumnyima jibu. Kanuni ya uchawi imefungwa kwenye undugu, na usaliti ndio ufunguo wake. Zingatieni pia kwamba Liyongo anapotoroka gerezani haponi kwa nguvu za ajabu. Mama yake anamfichia tupa ndani ya mkate, na ngoma na nyimbo za nje zinaufunika mlio wa chuma kikikatwa. Mtunzi aliyetaka urahisi angemfanya avunje pingu kwa mikono.

Kwa wasomaji wa fantasia ya kisasa, aliye karibu zaidi na roho hiyo ni Ursula K. Le Guin katika A Wizard of Earthsea ya mwaka 1968. Uchawi wake ni wa majina: anayelijua jina la kweli la kitu ana mamlaka juu yake. Juu ya kanuni hiyo kuna mizani ya ulimwengu, hata walimu wa kisiwa cha Roke wanawaonya wanafunzi kwamba mvua unayoiita hapa inaweza kuwa ukame kwa watu wa kisiwa kingine. Kijana Ged, kwa kiburi cha kushindana na mwenzake, anaita roho ya mfu na kufungua ufa ambao kivuli kinapitia. Yeye anabaki na makovu usoni. Anayekufa ni mzee Nemmerle, mkuu wa chuo, aliyetoa nguvu zake zote kuuziba ufa ule. Kosa ni la mmoja, malipo ni ya mwingine, na ndiyo sababu huwaambia wanafunzi wangu kwamba swali la kwanza kuliuliza kitabu cha uchawi ni nani analipa. Mengine yote, pamoja na kama kanuni ziko wazi au la, huja baadaye.

Msomaji wa Mombasa

Shikamoo Mwalimu. Umenipa njia ya kusema jambo ambalo nimelibeba tangu nilipomsoma N. K. Jemisin. Huyu mwaka 2012 aliandika makala kuwalalamikia wanaotaka kila uchawi ueleweke kama sayansi, kisha mwaka 2015 akatoa The Fifth Season, ambayo uchawi wake una kanuni wazi kuliko za wengi wanaojisifu kwa kanuni. Mfululizo wake ukapata tuzo ya Hugo ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, kila kitabu mwaka wake. Wahusika wake wenye kipaji wanaweza kutuliza tetemeko la ardhi au kulianzisha. Nguvu wanaichota ardhini au katika joto la vilivyo karibu nao, kiasi kwamba walio ndani ya duara hilo wanaweza kuganda na kufa papo hapo.

Mpaka hapo ni kanuni tu. Lakini Jemisin anauliza dola itafanya nini na watu wa namna hiyo, na jibu lake halina huruma. Watoto wanachukuliwa na kupelekwa kwenye chuo kinachowafunza kama wanyama wa kazi. Mlinzi anamvunja mkono msichana mdogo kwa makusudi ili kupima kama anaweza kujizuia. Yapo na mabaya zaidi yanayohusu vituo vya kutuliza ardhi, ambayo siyafichui hapa kwa kuwa lazima msomaji ayafikie mwenyewe. Raia wa dola hiyo wanalala usiku bila nyumba kutikisika, na hawaulizi usingizi huo umenunuliwa kwa nini.

Mkuu mleta uzi, katika Mistborn kanuni zinanieleza nani atashinda pambano. Katika The Fifth Season zinanieleza nani amefungwa minyororo ili wengine waishi kwa raha. Zote ni kanuni, lakini za pili ndizo zilizonikosesha usingizi.

Msomaji wa Mwanza

Nimekuwa nikisoma tu, ila hapa lazima nichangie. Wengi mnaujadili uchawi kama kitu cha vitabuni, na ni haki yenu. Huku kwetu neno hilo linaweza kumuua bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Tanzania ina Sheria ya Uchawi iliyotungwa tangu mwaka 1928, na majirani zetu wa Kenya wana yao ya 1925, zote zilizaliwa chini ya ukoloni, na wala hazikuufuta uvumi unaopita mtaa kwa mtaa.

Sisemi hivyo kuwazuia kufurahia riwaya. Ninachosema ni kwamba uvumi wetu nao una mfumo, na yeyote anayetaka kuandika fantasia ya Kiswahili ataukuta mezani kabla hajashika kalamu. Mtu anatajirika ghafla, watu wananong'ona kwamba ametoa kafara, na katika manong'ono hayo kafara siku zote ni mtu wa karibu: mtoto, mama, ndugu. Mwenye kufaidi halipi kwa mwili wake. Kwa mizani ya Mwalimu, huu ni mfumo wenye bei inayojulikana na mlipaji asiyeulizwa. Mwandishi akiuchukua ulivyo, anaweza bila kukusudia kuuthibitisha uvumi unaoangamiza watu. Akiugeuza, kwa mfano akatuonyesha kijiji kinachomtafuta mlipaji huku mwenye faida ameketi katika kamati ya kutafuta, atakuwa ameandika kitu ambacho sijakiona bado katika lugha yetu.

Msomaji wa Tanga

Mkuu wa Mwanza, hoja hiyo ni nzito, na inanikumbusha Amos Tutuola wa Nigeria, ambaye sielewi kwa nini hatajwi katika mijadala ya namna hii. The Palm-Wine Drinkard ilitoka London mwaka 1952, kabla ya The Lord of the Rings. Mlevi wa tembo anamfuata mgemaji wake aliyekufa hadi Mji wa Wafu, na njiani yeye na mkewe wanafika kwenye mti mweupe mkubwa. Kabla ya kuingia ndani wanauza kifo chao kwa paundi 70, shilingi 18 na peni 6, na hofu yao wanaikodisha kwa riba ya paundi 3 na shilingi 10 kwa mwezi. Wanapotoka wanarudishiwa hofu yao kwa kuwa ilikuwa imekodishwa tu, lakini kifo hakirudi kwa sababu kilikwisha kuuzwa. Tangu hapo wanaogopa kila kitu na hawawezi kufa.

Mleta uzi, hebu niambie hilo nalo tuliweke kambi gani. Ukitaka mahesabu, yamo mpaka peni. Ukitaka fumbo, hakuna anayetuambia mnunuzi alikifanyia nini kifo kile. Mimi nadhani mgawanyo wa kambi mbili unawafaa wanaosoma vitabu vya rafu moja, na Tutuola hakuandikia rafu ile.

Mleta uzi

Nitajibu kwa kifupi. Tutuola naye anaonyesha kwamba sharti likishawekwa halivunjwi: kilichouzwa kimeuzwa. Angemrudishia mlevi wake kifo baadaye kwa sababu tu hadithi imefika pagumu, ungekifunga kitabu. Kuhusu kambi, natambua kwamba mipaka yake si ya ukuta. Ila bado nahitaji neno la kumwambia mtu anapoomba kitabu, kwa kuwa anayetaka mapambano yenye mahesabu nikimpa The Famished Road ya Ben Okri, ambamo mtoto wa roho huvuka kati ya dunia mbili bila taarifa wala ratiba, atanirudishia kabla hajafika katikati. Nami nitakuwa nimemkosea yeye na nimemkosea Okri.

Mgeni

Habarini za jioni wakubwa zangu. Mimi si mjuzi wa vitabu hivi. Nina binti wa kidato cha pili anayependa sana hadithi za ajabu, Kiingereza chake ni kizuri kiasi, na nisingependa aanze na kitabu kitakachomtisha au kumchosha. Pia naomba kujua kama kuna cha Kiswahili cha namna hii, maana dukani nilielekezwa kwenye vitabu vya watoto wadogo.

Msomaji wa Mombasa

Karibu sana dada au kaka. Kwa umri huo mwanzishie Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2011. Sunny ni msichana mwenye ualbino anayeishi Nigeria, na anagundua kwamba ni miongoni mwa watu wenye vipaji vya siri. Kinachonivutia humo ni uchumi wake: kila mtu anapojifunza jambo la kweli, fedha za metali zinadondoka kutoka hewani, na kadiri elimu ilivyo ngumu ndivyo zinavyodondoka nyingi. Elimu ndiyo mshahara. Sijui mzazi gani atapinga hilo. Zaidi ya hayo, katika nchi zetu, ambako watoto wenye ualbino wamewindwa kwa imani za kichawi, kumwona mmoja wao akiwa ndiye mwenye nguvu katika hadithi si jambo dogo.

Baadaye, akikomaa kidogo, mpe The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa. Kilitoka mwaka 2021, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya kwanza kabisa ya Ursula K. Le Guin ya bunilizi. Aisha, binti wa Kihadhrami, anaingia baharini kumtafuta baba yake mvuvi kwa chombo cha mifupa, akiongozana na paka mwenye elimu kuliko masheikh wengi, na mbele yao kuna Baba wa Papa. Kimeandikwa kwa Kiingereza, ila mtu wa pwani ataisikia lafudhi ya nyumbani katika kila mazungumzo. Uchawi wake hauna jedwali hata moja. Una adabu: nani anasemeshwa vipi, ahadi ipi imetolewa na kwa nani, na anayekosa adabu hiyo baharini harudi.

Na kwa mtu mzima anayependa majini ya mjini kuliko ya baharini, kipo A Master of Djinn cha P. Djèlí Clark, kilichopata tuzo ya Nebula ya riwaya ya mwaka 2021. Ni Cairo ya mwaka 1912, majini wanaishi miongoni mwa watu, na serikali ina wizara ya kuwashughulikia. Wizara hiyo ina makaratasi mengi kama wizara zote.

Mwalimu wa Fasihi

Kwa Kiswahili, ndugu Mgeni, mtafutie bintiyo Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, ambayo mizizi yake inafika katika masimulizi ya Alfu Lela Ulela. Si kitabu cha watoto wadogo hata kidogo. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, ambao kwa wivu wao walijaribu kumwangamiza, wakageuzwa manyani na jini Huria. Adhabu haikuishia hapo. Adili mwenyewe ameamriwa kuwachapa manyani hao kila usiku, naye anawapenda, anawalisha kwa heshima, na anaumia kwa kila kiboko. Uchawi umetendwa mara moja, sharti lake linalipwa kila siku, na anayelipa ni yule aliyedhulumiwa. Mkuu wa Mombasa ataona kwamba Jemisin na Shaaban Robert wangeweza kuongea usiku kucha.

Akishafika kidato cha tano anaweza kujaribu Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, na Mzingile ya 1991. Humo hakuna madini ya kumeza wala majina ya kukariri, na wakati mwingine hakuna hata uhakika kama mhusika yu hai. Wanafunzi wangu wengi huvichukia wanapovisoma mara ya kwanza, na siwalazimishi.

Kwa sasa mpe Akata Witch na Adili na Nduguze kwa pamoja, aviandame kwa zamu. A Wizard of Earthsea kifuate likizo ya mwisho wa mwaka. Ni kifupi, na akifika mahali Ged anapogeuka na kuanza kukiwinda kivuli badala ya kukikimbia, msimweleze jina la kivuli hicho hata akiwasihi, kwa sababu ameshapewa kila kitu cha kumwezesha kulijua mwenyewe.

Mgeni

Nashukuru sana. Nimeviandika vyote vitatu. Nikivipata nitawaletea mrejesho, ingawa namwona tayari ameanza kuusoma uzi huu juu ya bega langu na anauliza sindano ya shaba ilipatikana wapi.